Nyamizi Ajipima Moyo kwa Punje za Choroko

Asubuhi Nyamizi alikamua ng'ombe, akapika uji, akafagia uwanja. Kazi zote alifanya, isipokuwa moja. Shamba lake la pamba lilikuwa nyuma tu ya nyumba, hapo kijijini Ipililo, wilayani Maswa, lakini hakutaka hata kulitazama.

Wiki iliyopita alipuliza dawa ya wadudu kwa bomba lililokuwa limetiwa dawa ya kuua magugu. Hakuliosha. Nusu ya pamba ilijikunja majani, ikakauka. Nusu nyingine ilikuwa nzima, ila funza walishaanza kutoboa vitumba vyake. Isipopulizwa wiki hiyo, nayo ingekwisha.

"Mama Salu, funza hawasubiri," alisema mumewe, Mayige. "Mimi dawa inanibana kifua, unajua."

"Mimi sifai tena," alijibu Nyamizi. "Nitaharibu na iliyobaki."

Mara akaingia Eliaichi, nesi wa zahanati aliyehamia kutoka Moshi.

"Mwangaluka, mayu!" alimwamkia Nyamizi kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka! Leo umeisema vizuri, nesi!" Mayige alicheka. "Karibu. Hatuna kitu, ni michembe tu ya viazi vikavu na karanga."

Eliaichi alikaa, akatoa punje za choroko mfukoni.

"Kuna maswali ya kupima jinsi mtu anavyosema na moyo wake akikosea," alieleza. "Yameulizwa nchi nyingi. Sasa tunayajaribu huku, tuone kama yanapima sawasawa. Kama ni kweli kabisa, weka punje nne. Kama si kweli, usiweke. Haya: ukikosea, unajikemea na kujidharau?"

Mayige alitupa nne papo hapo. "Mimi? Mjinga wa kwanza Maswa nzima!"

Nyamizi naye aliweka nne, polepole.

"Ukikosea, unaweza kujipa moyo?"

Hakuna aliyeweka hata moja.

"Nijisifu mbele ya mgeni?" Mayige alishangaa. "Nesi, unataka watu wanicheke!"

Eliaichi alizitazama punje. Zilisema mioyo yao inaumia sawa. Lakini Mayige alikuwa anatafuna michembe kwa furaha, na Nyamizi hajagusa kitu.

"Baba Salu, ndama wako alipopotea, ulijiambiaje?"

"Nilisema mimi mjinga. Majirani wakacheka, nami nikacheka. Nikaenda kumtafuta. Kumbe yuko kwa jirani Machibya, anakula mihogo ya watu!"

"Na wewe, mayu, kuhusu pamba?"

Macho ya Nyamizi yalijaa machozi. "Najiambia mjinga. Jikoni, kitandani, hata nikisali. Sicheki. Na siinuki."

"Hapo!" Eliaichi alipiga makofi. "Huku kwenu kujishusha ni adabu. Swali langu limepima adabu, likauacha moyo! Nitawaambia wenzangu tuulize na hili: ukishajikemea, unainuka au unabaki chini?"

"Mimi nimebaki chini," alisema Nyamizi.

"Basi, Nyanjige jirani yako angeunguza pamba yake, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia pole. Umekosea bomba, hukukosea kulima. Twende tuokoe iliyobaki."

"Sasa mwambie Nyamizi hivyo hivyo. Hayo si majivuno. Ni huruma, na wewe unaistahili."

"Nimwite kwa jina?"

"Mwite!"

Nyamizi alifumba macho. "Pole, Nyamizi. Umekosea bomba tu." Kisha uso wake ukang'aa. "Nesi! Mungu alinisamehe siku ile ile. Aliyebaki kunisamehe ni mimi!"

"Sifa kwake!" alisema Eliaichi. "Lakini sikiliza. Huzuni ikikaa wiki mbili, huli wala hulali, usijifungie ndani. Njoo zahanati tuzungumze."

Nyamizi alikula michembe. Kisha alikwenda kwa Nyanjige kuazima bomba lisilowahi kutiwa dawa ya magugu. Bomba lake alilifunga kitambaa chekundu, liwe la magugu tu.

Kesho yake mapema, upepo ukiwa umetulia, alifunika mdomo na pua, akaingia shambani. Katikati ya mstari bomba likaziba.

"Mjinga we..." alianza. Akasimama. "Pole, Nyamizi. Zibua, tuendelee."

"Unaongea na nani huko?" Mayige aliuliza kutoka zizini.

"Na mwenzangu!"

Funza walikufa. Baada ya wiki kadhaa vitumba vilivyosalimika vikapasuka, vyeupe pe. Nyamizi alivichuma kwa mikono yake mwenyewe, akimshukuru Mungu kwa sauti hadi barabarani wakamsikia.