Kiti Kinachovuta

Jioni ile nilikwenda Bulengera, mtaa wa Butembo, kwa kazi ndogo kabisa: kusafishisha kiti cha pikapu. Kilikuwa kimeanza kupiga filimbi.

Nawaambia mapema ili mcheke sasa mmalize. Pikapu yangu ina viti vya kupoza mgongo. Ndani ya kila kiti cha mbele kuna feni ndogo, ngozi imetobolewa vitundu vingi, na ukibonyeza kitufe hewa inapita, jasho linakauka. Watu wa Butembo walinitania hadi wakachoka. Mji wenyewe ni baridi, asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni, halafu Kasimu analeta kiti cha baridi! Lakini mimi nyumba yangu iko Beni, na Beni kunachoma. Tena barabara ni vumbi tupu, ukifunga vioo unaiva humo ndani kama ndizi. Niliwaacha wacheke. Mgongo wangu ulikuwa mkavu.

Siku ile nilikuwa na mke wangu, Yasmine. Tulikuwa tumetoka kwa daktari, wa nne huyo. Damu nzuri, mapafu mazuri, moyo mzuri. Apumzike, alisema, kama wale watatu wa kwanza. Yasmine ni mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke aliyekuwa anajitwika balo zima, robota la vitambaa, bila kuomba msaada. Sasa alihitaji mkono wangu kushuka garini. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Akisema maneno matano, anapumzika. Miezi minne tu, na mke wangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Niliogopa sana kumpoteza. Usiku nilikuwa naweka kiganja karibu na pua yake nione kama bado.

Élisée, fundi wa umeme wa magari, alikuwa anafunga karakana yake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima.

"Papa Kasimu, kesho basi. Giza iko naingia."

"Dakika kumi, fundi. Kiti ya mama iko nalia."

Alimtazama Yasmine nilipokuwa namkalisha juu ya gurudumu la zamani, nikamfunika kitenge mabegani. Hakubisha tena. Alichukua tochi na karatasi laini ya kufutia pua.

"Angalia. Viti ya hivi iko namna mbili. Ingine inasukuma upepo, inakupiga ku mugongo. Ingine inavuta, inakunywa joto ya mwili yako. Usine, kiwanda yenye inatengeneza, inachagua namna moja, inaweka ku viti yote."

Aliwasha. Akaweka karatasi juu ya kiti changu, cha dereva. Karatasi ikaruka. Kinasukuma.

Akaja upande wa abiria. Kile hakiwaki bila uzito, kwa hiyo alikikandamiza kwa goti, kisha akaweka karatasi pembeni ya goti lake.

Ikanata.

Halafu ikaanza kuingia. Vitundu vile haviwezi kupitisha hata punje ya mchele, lakini karatasi ilizama polepole, ikikunjika, ikikunjika... mpaka ikaisha.

"Ee Nyamuhanga," Élisée alisema kwa sauti ndogo, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

Aliondoa goti haraka. Akachukua ufunguo wa boliti, akafungua reli, akainua zulia katikati ya viti viwili. Mimi nilishika tochi. Kulikuwa na bomba pale. Si la kiwandani. Lilikuwa la gome la mti lililopondwa hadi likalainika, limeshonwa kwa uzi mweusi, na nilipoinama niliona kwamba uzi ule ni nywele za watu. Lilitoka chini ya kiti cha mke wangu, likaja hadi chini ya kiti changu.

Élisée alichomoa fyuzi ili aangalie vizuri. Feni zikanyamaza. Injini ilikuwa imezimwa zamani.

Bomba liliendelea kupanda na kushuka.

Polepole... kama kifua cha mtoto aliyelala.

Na harufu ikaja. Udi. Udi wa Yasmine, ule anaofukizia nguo zake Ijumaa, na chini yake joto la mtu mwenye homa. Niliijua harufu ile. Kwa miezi minne nilikuwa naisikia mgongoni mwa mashati yangu hata siku ambazo sikuwa naye, na mimi mjinga nikadhani ni mapenzi.

Nikakaa chini kwenye mafuta ya karakana.

Tangu utoto mimi ni mtu wa pumu. Pompe ya dawa, ile ya kupulizia mdomoni, haikuwahi kutoka mfukoni mwangu. Nikipanda ngazi tatu, nahema. Na miezi minne ile... hakuna. Nilikuwa napandisha mizigo mwenyewe, nacheka kwa sauti, nalala fofofo. Nilimshukuru Mungu, nikasema ni hewa ya Beni. Pompe niliisahau kabatini.

Pikapu niliinunua Kamango miezi minne kabla, kwa Siméon, baada ya baba yake kufariki. Mzee Edmond, mtu wa kahawa na kakao, kila mtu kule alimjua. Kiti cha abiria kilikuwa kimefunikwa nailoni nene, imefungwa kwa kamba chini. "Nylon, patron, uiache," Siméon aliniambia. Nikaona kawaida. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu ananunua godoro analalia nailoni yake mwaka mzima, ananunua gari anaacha nailoni hadi ichanike yenyewe, ili majirani waone kitu ni kipya. Sikuuliza kitu.

Lakini Yasmine alilalamika kwamba inamnata, inampikia mapaja. Mimi, mume mwenye kupenda sifa, nikaichana kwa mikono yangu. Nikasema bismillahi, nikampangusia kiti, nikamwambia akae mbele kama malkia, apate ile baridi. Nilimkalisha mwenyewe.

Nilimpigia Siméon palepale. Alipokea. Nilisikia mbuzi kwa mbali upande wake.

"Ulitoa nylon," alisema. Hakuwa anauliza.

"Juu ya nini hapana niambia?"

"Nilikuambia uiache."

"Siméon, bibi yangu iko nakufa!"

Akashusha sauti, ikanibidi kubana simu sikioni.

"Papa yangu alikuwa na miaka makumi nane na mbili, na meno yote. Alikuwa anaendesha yeye mwenyewe, hapana ruhusu mutu kushika volant. Kila siku anabeba batu mbele, bure. Batu banamupenda... Ventilateur, feni ya kiti, iliungua siku moja, lundi. Jeudi, siku tatu nyuma, tulimuzika. Ventilateur ya mupya niliweka juu ya kuuza."

"Nani alimutengenezea hii kitu?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. Mbuzi hakusikika tena.

"Nikate bomba?"

"Ukikata, yenye imetoka, imetoka. Mama atabaki vile iko."

"Sasa nifanye nini?"

"Mugeuzane viti," alisema. Simu ikakatika. Nilipiga tena mara kumi. Namba haikuwa hewani, na haijawahi kuwa hewani hadi leo.

Élisée alikuwa amekwisha kurudisha zulia, boliti na fyuzi. Alikuwa ananawa mikono kwa petroli, ananawa, ananawa.

"Patron, miye ni fundi ya nyuzi ya umeme. Hii hapana kazi yangu. Toa motokari ku parcelle yangu, ku kiwanja, nakuomba. Ata mia hapana pokea."

Nilisogeza pikapu hadi nje, kando ya ukuta. Nikamshika Yasmine mkono, nikamzungusha upande wa usukani.

"Miye hapana jua kuendesha, Baba Faida."

"Kaa tu, mama. Pumuzika."

"Juu ya nini huku?"

"Kaa tu."

Sikumweleza. Ningemwelezaje? Kwamba nimekuwa namla? Nilizunguka, nikaingia kiti cha abiria, nikafunga mlango. Nikawasha injini kwa kunyoosha mkono mbele yake, nikabonyeza vitufe viwili. Taa moja moja ya kijani.

Zzzzzz...

Kwanza ilikuwa baridi tu, baridi nzuri. Halafu shati likanata kitini. Halafu ngozi. Halafu kitu fulani nyuma ya mbavu, kitu ambacho sikujua kama ninacho, kikalegea na kuanza kwenda.

Sikuumwa. Naapa, hata kidogo. Ndiyo maana Yasmine hakuwahi kulalamika.

Nilimtazama. Mgongo wake ulikuwa umeinama wiki na wiki. Ukanyooka. Midomo ikapata rangi. Akavuta hewa ndefu, akaishikilia, akaitoa, kama mtu aliyetoka kuzama mtoni. Machozi yalinitoka. Nilifurahi, jamani! Kifua changu kilikuwa kinaanza ile miluzi ya zamani, lakini nilikuwa na furaha kuliko siku ya ndoa. Mke wangu alikuwa anarudi.

Dakika zikapita. Miluzi ikawa mingi. Vidole vyangu vikafa ganzi.

"Inatosha," nilisema. Nikanyoosha mkono kuzima.

Mkono wake ulifika kwanza.

Uliufunika ule wangu. Ulikuwa na nguvu. Ulikuwa wa moto.

"Kidogo tena."

"Yasmine... kifua..."

Alikuwa anaangalia mbele, barabarani, pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Wewe ulikaa hapa miezi ine."

Sikuwa nimemwambia neno.

Akabonyeza. Taa ya pili.

Taa ya tatu.

Nilitafuta kitasa cha mlango, vidole havikukiona. Nilitaka kumwita Élisée, sauti haikutoka. Nilichosikia ni feni, na mke wangu akipumua kwa raha, taratibu, akipumua... Adhana ya magharibi ilianza mahali fulani upande wa mjini. Akasikiliza kidogo. Akazima mwenyewe. Akashuka, akafunga mlango kwa kishindo, akaenda kuomba maji ya kutawadha kwa Élisée, anatembea kama msichana.

Kesho yake alijitwika balo la vitenge.

Hatujazungumza habari ile hata mara moja. Nimejaribu. Nikianza, ananitengea chakula. Alijifunza kuendesha kwa wiki mbili, na ufunguo analala nao. Jumanne na Ijumaa tunakwenda Butembo, tunarudi, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Anabonyeza taa moja tu, siyo mkatili. Watu wanasema Mama Faida amepona, anang'aa, dawa gani hiyo? Mimi nimerudia pompe yangu. Suruali zangu nazifunga kwa kamba.

Mtaniuliza kwa nini siichomi. Nilitoka na petroli usiku mmoja, nikaimwaga hadi magurudumuni. Nikasimama na kiberiti. Nikafikiria mzee Edmond, lundi hadi jeudi. Feni ikifa, nani kati yetu anazikwa? Yule anayepokea, au wote wawili? Siméon hayupo wa kuniambia. Asubuhi Yasmine alisikia harufu ya petroli, akaosha gari kwa sabuni bila kuniuliza.

Na hata nisipokaa mimi, yeye atarudi kuisha. Hilo ndilo linalonifunga. Nilimlilia Mungu anirudishie mke, amenirudishia.

Ijumaa iliyopita, saa tisa mchana, tulikuwa tunateremka mlima wa Kabasha, tunarudi Beni. Jua kali. Kando ya barabara alisimama mwanamke na mfuko wa madaftari, anajipepea kwa bahasha. Namfahamu kwa sura. Ni Madame Yolande, mwalimu, alitumwa kutoka Kasai, hana ndugu hapa. Alikuwa amekosa pikipiki.

Yasmine akapunguza mwendo. Akasimama.

"Madame, unaenda Beni? Ingia mbele. Hapana lipa, ni njia yetu moja."

"Ah, merci, mama! Mungu akubariki kweli!"

Halafu, bila kunigeukia, sauti ya chini kabisa:

"Baba Faida. Panda nyuma."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Moja lingetosha. Mdomo wangu ulikuwa wazi, na mwalimu alikuwa amesimama hapo mlangoni, ananitabasamia, ananiomba radhi kwa kunitoa mahali pangu. Nikashuka. Nikampokea mfuko wa madaftari. Nikamfungulia mlango zaidi ili aingie vizuri.

Nilipanda nyuma kati ya magunia. Kupitia kioo nilimwona anajifuta jasho shingoni, anaegemea, anacheka. Nilisikia sauti yake: "Oh, hii kiti iko baridi muzuri!" Nikaona kidole cha Yasmine kikienda kwenye kitufe.

Nikageuza uso, nikatazama vilima. Upepo ukanipiga kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi miluzi kunyamaza, na nikapumua, nikapumua mpaka tukaingia Beni.