Duara la Vinasaba vya Popo

Duka la vitambaa lilifurika watu, na binti mmoja na kijana mmoja wakashika kwa pamoja jora moja la pamba nyeupe. Binti alivaa gauni la rangi ya haradali. Kijana, fundi cherehani, alikuwa na utepe wa kupimia shingoni.

“Dada, unashona sanda?”

“Koti la maabara. Nasoma vinasaba vya popo.”

Fundi alicheka mpaka wateja wakageuka. Koti alilishona mwenyewe. Siku ya kulijaribisha alikaza kifungo cha juu papo hapo shingoni mwa binti, akakata uzi kwa meno. Mapenzi yakaanzia hapo.

“Popo wangu, hasa unasoma nini?”

“Jenomu ya mitokondria, yaani vinasaba vya kile kiwanda cha nguvu ndani ya seli. Mtoto huirithi kwa mama tu.”

“Na baba?”

“Baba anapewa pole.”

“Pole sitaki, nataka kuoa!”

“Ngoja basi. Jenomu hiyo ni duara. Kuna kipande kinajirudiarudia, mashine ya kuvisoma vinasaba inapotea hapo. Nikilisoma lote, duara likafunga, mlete mshenga.”

Simu haikuruhusiwa maabara isije ikachafua sampuli, iliachwa mlangoni. Alasiri moja fundi alipiga, akapiga tena, hadi mwanamume aliyefanya kazi na binti, akipita mlangoni, akapokea.

“Tuko naye chumba cha giza, kaka. Piga baadaye.”

Fundi hakuuliza. Alikata, akaifungia namba ya mpenzi wake. Yule mwenzake akasahau kusema, na binti, simu zake zilipogonga mwamba, akaamini fundi amechoka kungoja. Kumfuata akaona ni kujishusha. Kiburi kikawaponza wote wawili.

Duara lilipofunga miezi kadhaa baadaye, kiburi kilimwisha binti. Alikimbia kwa fundi na koti lake mwilini. Alimkuta amepiga magoti, pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la harusi. Aliyelivaa alikuwa msichana mwenye macho ya upole.

“Limefunga,” binti alisema.

Fundi akatema pini. “Mwenzako aliniambia uko naye chumba cha giza.”

“Si tunazima taa ili vinasaba ving'ae! Mwalimu wangu naye alikuwemo, mama mtu mzima!”

Majuto ni mjukuu, na mjukuu alikwisha kufika.

“Dada, kifungo chako kimelegea,” bibi harusi mtarajiwa alisema bila kuelewa lolote. “Mchumba wangu akukazie kabla hujaenda.”

Fundi akakikaza. Akainama shingoni akate uzi kwa meno, akasita, akanyoosha mkono kuchukua mkasi.