Vijiwe vya Masikio

Pampu ya hewa ilinyamaza saa nne asubuhi. Daktari aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akatazama tangi la samaki. Mapovu yalikuwa yanapanda kama kawaida. Akaishika pampu, ikatetemeka kiganjani mwake.

"Kasia," aliita, "hebu njoo usikilize hii."

Kasia, mwendesha mashua wa kituo cha utafiti wa samaki, aliinama akatega sikio. "Inakoroma kama mlevi, Daktari. Kwani wewe huisikii?"

Hakuisikia.

Watu walimwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa samaki. Aliishi hapo hapo kituoni, kando ya ziwa, na mumewe, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa sababu ya kazi yake, na binti yao wa miaka minne. Mtoto huyo, baba yake alimbandika jina la Kasuku, maana hata usingizini alikuwa anaongea.

Kwa miaka miwili Daktari alikuwa anatafuta kwa nini perege wanapungua ziwani. Alipasua kichwa cha samaki, akatoa vijiwe viwili vilivyo ndani ya masikio, vidogo kuliko punje ya mchele, kisha akahesabu miduara yake. Kila mduara ni mwaka mmoja. Perege wengi walikuwa na minne, mitano. Lakini mwezi ule walianza kutega kwenye shimo lililo nyuma ya matete, mahali ambapo chini ya ziwa panadidimia ghafla, na vijiwe vya huko vilimtoa jasho. Samaki wa urefu wa kiganja tu, lakini kwenye kijiwe chake Daktari alihesabu miduara hadi sabini, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alifurahi mno. Akataka wengine, na wengine tena.

"Pale sipapendi," Kasia alimwambia. "Ukitupa wavu unajaa kabla hujawasha sigara. Samaki gani hao wanaopanga foleni kufa?"

"Wewe tupa tu, kaka yangu."

Baada ya pampu ulinyamaza mlango. Kisha kijiko kwenye kikombe. Siku ya tatu mvua ilinyesha juu ya bati na Daktari akaijua kwa kuona madirisha yamelowa. Siku ya tano mumewe alimsemesha akiwa amesimama mbele yake, akaona midomo tu.

Hospitali walimulika, wakapima, wakaandika kwamba masikio ni mazima. Akarudi nyumbani na uzima wake huo, amefungiwa kama mdudu ndani ya chupa. Mwalimu alimwandikia maneno kwenye daftari. Kasuku, ambaye hajui kusoma wala kuandika, alimshika mashavu kwa mikono miwili, akaongea na kuongea, na mama akaambulia kuona meno ya maziwa yakionekana na kufichika. Na nyumba nzima ilianza kunuka tope, lile tope zito la vilindini. Hata foronya walizofua jana yake zilinuka.

Jumapili mchana alikuwa peke yake maabara, ameegemea meza.

"Mama."

Alisikia! Akageuka, machozi tayari yamemjaa. Kasuku alikuwa amesimama ndani, mlango umefungwa nyuma yake, gauni limelowa chapachapa.

"Mama mwenzangu," alisema mtoto, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima. "Wote uliowapasua wamerudi kwangu. Wanapita mbele yangu. Nawaita, hawageuki. Umewatoa masikio."

Daktari alimrukia mwanawe akamnyanyua, naye alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa, akamkokota hadi mlangoni, akavuta kitasa, kitasa kikazunguka bila kufungua, akaupiga mlango kwa ngumi, ngumi zisizokuwa na sauti, akapiga kelele ambazo yeye mwenyewe hakuzisikia, na alipogeuka kutafuta dirisha aliona samaki wote kwenye matangi yote wamejipanga, vichwa upande wake, wametulia, wanamtazama, huku ile sauti ikimwambia taratibu, shavu kwa shavu, mdomo wa mwanawe ukiwa sikioni pake: "Na huyu naye ana masikio mazuri."

Mwalimu na Kasia waliuvunja mlango kwa shoka.

Kasia hakungoja kuambiwa. Alikwenda kumleta shangazi yake, mkunga mstaafu ambaye watu walimwendea kwa yale yasiyopimika hospitali. Mama huyo mfupi alimnusa mtoto nywele, akaketi sakafuni mbele yake. Mwalimu akamwandikia mkewe: *Anasema ni jini la maji, na lina haki ya kulalamika.*

Wakazungumza. Daktari aliona midomo ya shangazi ikienda, lakini alisikia upande mmoja tu.

"Vyote," ilisema sauti. "Kisibaki hata kimoja."

Shangazi akasema kitu.

"Mtoto nitamwachia."

Shangazi akauliza tena, kidole kikimwelekea Daktari.

"Masikio yake nitamrudishia. Hapa hapa tu."

Daktari alifungua kabati mwenyewe. Bahasha elfu moja na mia tatu, kila moja na tarehe kwa mwandiko wake. Alimimina vijiwe vyake vyote ndooni, miaka miwili ya kazi, na ndoo haikujaa hata robo. Kasia alimpeleka nyuma ya matete. Alipopindua ndoo, vijiwe vilizama kama mchele mweupe, na mara akasikia kasia likipiga maji. Akasikia ndege. Akasikia kilio chake mwenyewe.

Walipofika nyumbani Kasuku alikuwa anataka chai na kumsimulia kila mtu ndoto yake.

"Tunaondoka," Mwalimu alisema. "Kesho. Sitaki kuliona tena ziwa hili."

"Hata leo ningeondoka," Daktari alimjibu.

Asubuhi walipakia vitu kwenye gari. Kasuku alikaa nyuma, anaimba wimbo wa kuhesabu aliofundishwa na baba yake. Alifika tano walipopita nyumba ya Kasia. Alifika nane walipokaribia geti la kituo. Gari likatoka getini, na tisa haikusikika.

Daktari aligeuka. Mtoto alikuwa anaimba bado, kichwa kinayumba, midomo inaruka.

"Simamisha," alisema, au alidhani amesema.

Mwalimu alisimamisha gari. Aliongea, akamshika bega, akamtikisa, akatafuta daftari. Daktari hakungoja. Alifungua mlango, akashuka, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ziwani, macho hayabanduki kwenye kioo cha nyuma cha gari, hatua kwa hatua, hadi aliposikia mwanawe anamlilia.

Hapo akasimama.