Namba ya Simu ya Mume Wangu

"Tulikutumia ujumbe mara tatu, mama. Hukuja."

Muuguzi alisema hivyo macho yakiwa kwenye faili langu. Nikamjibu kwamba sikupata ujumbe wowote. Miaka miwili iliyopita mume wangu ndiye aliyefuatilia majibu ya kipimo changu, akaniambia ni safi. Muuguzi akaligeuza faili upande wangu, akaweka kidole chini ya namba ya simu.

Ilikuwa namba ya mume wangu, na niliiandika mwenyewe. Karakana yetu ya sare za shule ina cherehani kumi na mbili chumba kimoja. Zikianza kazi husikii hata jina lako, sembuse simu. Kwa hiyo siku wauguzi walipokuja kutupima mlango wa kizazi, mafundi karibu wote tulijaza namba za waume zetu. Na wangu si alikuwa na duka la dawa? Mtaa mzima unamwita Daktari. Nilijiona nimepata.

"Ulikuwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana," muuguzi akaendelea, "na mlango wa kizazi ulishaanza kubadilika. Wakati ule tungepagandisha kwa baridi kali pale palipoharibika, ukarudi kazini kesho yake. Lakini ulitujibu hivi."

Akanionyesha simu ya kliniki.

"Asanteni. Nimeshatibiwa hospitali nyingine. Msinisumbue tena."

"Na sasa?" nikauliza.

"Majibu ya safari hii ni saratani, mama. Haijafika mbali, ndiyo maana nakuhimiza. Utaanza mionzi hospitali ya rufaa. Inaweza kukuponya, ila mimba nyingine hutabeba."

Nina binti mmoja wa miaka sita. Kila wiki ananiuliza mdogo wake atakuja lini.

Nikamuuliza muuguzi ni nani aliyeniletea kirusi hicho. Akatikisa kichwa. Alisema kinaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi, hata tangu kabla ya ndoa, na hakuna kipimo cha kujua kilitoka kwa nani. Nikaondoka na barua ya rufaa mkononi.

Nilimkuta Daktari nyuma ya kaunta ya kioo, anahesabia vidonge kwenye bahasha za kaki.

"Leo umetoka mapema," akasema.

"Nimetoka kliniki. Wanasema nilitibiwa hospitali nyingine. Hospitali gani hiyo, mume wangu?"

Vidonge vikamponyoka. Hakuviokota. Aliisoma barua mara mbili, halafu akakalia katoni la dawa za kikohozi na kuanza kueleza bila kunitazama. Alikuwa na mwanamke, yule aliyekuwa akimletea dawa dukani. Akapata kisonono, akajitibu kwa dawa za rafu zake mwenyewe. Wiki hiyohiyo ujumbe wa kliniki ukaingia, ukisema nimekutwa na maambukizi, nirudi. Akajua ameumbuka, akajibu kama ni mimi.

Hapo nikakumbuka vitamini. Kila asubuhi, wiki nzima, aliniletea kitandani vidonge viwili na kikombe cha maji, akasimama mpaka nimeze. Karakana nzima niliwatambia wenzangu kwamba mimi napendwa.

"Zile hazikuwa vitamini," nikasema.

"Zilikuwa za kisonono. Nilijua nimekuponya."

"Na kirusi?"

"Sikuuliza habari zake."

"Unauza dawa kutwa nzima, ukashindwa kuuliza?"

"Ningeuliza, wangeniita na mimi. Ungejua. Niliogopa utaniacha."

Nikamweleza alivyosema muuguzi. Kipimo kile hakimtaji mtu. Angenipa ujumbe ule, ningetibiwa, ningerudi nyumbani, na siri yake ingebaki yake mpaka leo.

Alifunika uso kwa mikono. Alilia kweli, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma. Nilimpenda sana mwanamume huyu. Nilikuwa bado nampenda palepale nilipokuwa nikimchukia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nitafunga duka," akasema. "Nitakupeleka mionzi kila siku. Niruhusu tu nikupeleke."

"Dada yangu atanipeleka. Simu ya hospitali itapigwa kwake."

"Mimi ni mumeo."

"Miaka miwili ulikuwa na nafasi ya kuwa mume wangu, na kila siku ulikuwa na simu mfukoni."

Akaingia msichana, hata miaka ishirini na tano hajafikisha, pete ya ndoa bado inang'aa. Aliegemea kaunta, akanong'ona kwamba anatokwa na uchafu unaonuka, na damu kila akilala na mumewe. Akaomba kitu cha kumeza, asiende kujiaibisha hospitali.

Daktari akainuka, macho bado yamelowa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye rafu, kwenye kopo lilelile la vidonge alivyonimezesha mimi.

"Rudisha," nikamwambia.

Akarudisha.

Msichana akatutazama kwa zamu, hajui aingilie wapi. Nikamshika mkono.

"Mdogo wangu, hivyo vidonge vyake nilivimeza mimi. Twende kliniki, ni hapo tu, nitakaa na wewe mpaka waite jina lako."

Mume wangu aliniita kwa jina langu la usichana, lile alilonitongozea. Sikugeuka.

Njiani msichana akaniuliza kama huko watataka vitambulisho.

"Watakupa fomu tu," nikamwambia. "Na pale kwenye simu, andika namba yako."