Foili Chini ya Kitambaa

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kama kawaida: mama yuko chumba cha mbele anashona sare za shule, na wanawe wawili wako sebuleni wanapigana. Siku hiyo kiatu kilirushwa hata chai haijachemka. Kilimkosa Nyaya, kikagonga ukuta na kuanguka juu ya ruta, kile kisanduku kilichosambaza intaneti nyumba nzima.

"Umeivunja!" Nyaya alipiga kelele, akamrukia kaka yake na kumng'ata mkono.

"Ilishakufa jana! Niachie!"

Kweli ilishakufa. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, na ruta ikatoa moshi. Tangu hapo nyumba haikukalika. Kaka mtu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa mabega mapana aliyeitwa Nyundo tangu shuleni kwa sababu ya ngumi zake. Nyaya alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina lake hilo alilipata kwa kuwa mifuko yake haikukosa vipande vya waya. Walikuwa wanagombania jambo moja tu: ruta mpya itoke wapi.

"Tununue dukani," alisema Nyundo, huku akisugua alama za meno. "Unaichomeka, inawaka, basi."

"Na ikiharibika? Hata kuifungua hujui. Mimi ninayo ya kwangu, karibu namaliza kuiunda."

Nyundo alicheka mpaka akashika tumbo. Ruta ya Nyaya ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, ambayo binti huyo aliisukuma kwa toroli hadi nyumbani. Likizo nzima alikuwa ameipiga brashi, akaitia programu ya bure ya kusambaza mtandao, akaifungia kadi yenye antena mbili. Feni yake ilinguruma kiasi cha kumwamsha aliyelala. Lakini Nyaya alijua kila skrubu iliyokuwemo, na aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki.

Mama alitokea mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Wateja wake walimtumia vipimo na picha kwa simu, kwa hiyo bila intaneti kazi ilikuwa inamkimbia.

"Nimechoka na nyinyi," alisema. "Nyundo, nunua hiyo ya dukani. Wiki hii tutaitumia, wiki ijayo tutatumia ya Nyaya. Itakayofanya kazi vizuri ndiyo itakayobaki."

"Na ya huyu ikishindwa," alidakia Nyundo, "likopo lake linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siwezi kuishi na dude linalonguruma."

Mama alifikiri kidogo, akakubali.

Jioni hiyo Nyundo alirudi na ruta mpya kutoka duka la vifaa vya umeme lililokuwa mwisho wa mtaa. Mwenye duka alikuwa kijana mwembamba aliyeitwa Miwani, kwa sababu bila miwani yake asingeweza kukutofautisha na nguzo. Ruta ilikuwa nyeupe, nyepesi, haina kelele. Iliwashwa, na papo hapo simu zote zikalia kwa jumbe zilizokuwa zinasubiri. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio, meza na kila kitu kisicho na miguu ya kukimbia.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu kwa Nyaya. Ile ruta haikukosea! Nyundo alitazama mpira bila picha kukwama, na kila goli likiingia alipita kwenye kona ya dada yake na kulipiga teke kasha la kompyuta. "Jiandae kwenda kuyeyushwa," aliliambia. Mara moja teke lilizidi na bati likabonyea. Nyaya akamvaa, wakagaragazana mpaka stuli ikavunjika mguu.

Siku hiyo hasira zilimfanya afikirie jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mama alipotoka kwenda kununua nyuzi, Nyaya aliingia jikoni, akachana kipande cha foili ya kufunikia chakula. Alijua vizuri kwamba mawimbi ya ruta hayapiti kirahisi kwenye foili. Aliizungushia antena, akaifunika ruta yote vizuri, kisha akarudisha kitambaa juu yake. Hakuna ambaye angeona kitu.

Kesho yake intaneti ilianza kusuasua. Nyundo alitukana kila picha iliyokwama. Nyaya alijifanya anasoma, akiwa na furaha na woga pamoja.

Furaha ile haikudumu. Siku iliyofuata mama alitoka chumba cha kushonea akiwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Mwalimu mkuu alinitumia vipimo vya darasa zima tangu jana," alisema polepole. "Havikunifikia. Ameona simjibu, kazi amempa mshonaji mwingine."

Alikaa chini, mikono mapajani. Nyaya alikuwa hajawahi kumwona mama yake amekaa mchana bila kushona. Maneno yalimfika kooni. Laiti angeyasema pale pale! Aliyameza.

Nyundo alipandwa na mori. "Yule mpuuzi ameniuzia takataka!"

Aliinyakua ruta kwa nguvu, kitambaa kikaruka upande mmoja na foili upande mwingine. Kwa hasira zake hakuiona. Nyaya aliiwahi, akaifinya ndani ya kiganja, kisha akamfuata kaka yake mbio.

"Kaka, ngoja! Kaka, nisikilize!"

Nyundo hakusikia wala hakuona. Aliingia dukani na kuitupa ruta juu ya kabati la kioo.

"Rudisha hela yangu!"

Miwani aliinua kichwa kutoka kwenye pasi aliyokuwa akiitengeneza. "Karibu, ndugu yangu. Kuna nini?"

"Usiniite ndugu! Umeniuzia kitu kibovu, mama yangu amepoteza kazi!"

"Pole sana. Hebu niichomeke hapa tuiangalie, dakika moja tu."

Dakika hiyo moja Nyundo hakumpa. Alimshika shati juu ya kabati, akamvuta, akampiga ngumi ya taya. Miwani aliangukia rafu, balbu zikamwagika na kupasuka sakafuni. Alipoinuka alikuwa ameshika fimbo ya chuma ya kuangulia bidhaa za juu, na kwa woga aliizungusha bila kutazama. Ilimpata Nyundo juu ya jicho. Damu ikamtiririka usoni. Nyundo alinguruma, akalisukuma kabati zima. Kioo kikasambaratika, na vipande vikamchana Miwani mkono.

"Acheni! Acheni jamani!" Nyaya alilia mlangoni. Hakuna aliyejali.

Kelele ziliwavuta wapita njia. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kuna nini, mwingine ambaye hakujua lolote akajibu, "Tapeli huyo, anauza vitu vibovu!" Neno hilo likatosha. Waliokuwa na hasira zao za siku nyingi wakapata pa kuzimalizia. Mikono ikamvuta Miwani nje kwa ukosi, miwani yake ikaanguka na kusagwa na kiatu cha mtu. Akapigwa kibao, akapigwa teke. Aliinua mikono kujikinga, lakini hakuona mapigo yalikotoka.

"Mimi si tapeli! Niacheni niwaoneshe!"

Mtu mmoja aliokota jiwe.

Nyaya aliliona jiwe lile, na akaelewa kwamba kuna mtu atakufa hapa, sasa hivi, kwa sababu ya kipande cha foili. Alipita kati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya Miwani na kumkumbatia kichwa. Teke lililokuwa linamjia kijana yule likamshukia yeye begani. Maumivu yalimfanya apige ukelele ambao hata yeye mwenyewe hakuutambua.

Kaka yake aliutambua. Nyundo alitoka dukani huku damu ikimziba jicho moja, akaona watu wanampiga dada yake. Aliwafagia. Wa kwanza alimtupa mtaroni, wa pili alimpiga kikumbo akaanguka chali, na yule mwenye jiwe alikamatwa kifundo cha mkono mpaka jiwe likadondoka lenyewe.

"Atakayemgusa huyu nitamzika!"

Umati ulirudi nyuma. Nyaya aliinuka, akafumbua kiganja. Foili ilikuwa imefinywa ikawa kama gololi.

"Ruta ni nzima," alisema. "Mimi ndiye niliyeifunika kwa foili ili ionekane mbovu. Huyu hana kosa. Ni mimi."

Miwani alijikokota hadi dukani akipapasa ukuta, akaipata ruta kwa kuigusa, akaichomeka. Ilikuwa imebonyea pembeni, lakini taa zake zote zikawaka kijani, moja baada ya nyingine. Hapo waliokuwa wakipiga kelele za tapeli wakakumbuka kila mmoja alikokuwa anakwenda. Muda mfupi tu mtaa ukawa mweupe.

Nyundo alimgeukia dada yake. Mkono wake wa kulia ulipanda, ngumi ikakunjwa. Nyaya hakukimbia. Alifumba macho akangoja.

"Ushushe huo mkono."

Alikuwa mama. Alikuja mbio bila viatu, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Aliutazama mkono mpaka ukashuka, kisha akawakusanya wote watatu na kuwapeleka zahanati.

Wakati wa kusubiri walikaa kwenye benchi moja. Nyundo alishonwa juu ya jicho, Miwani akafungwa bandeji kuanzia kiganja hadi kiwiko, na bega la Nyaya likavimba likawa jeusi. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Nesi aliuliza kama kulikuwa na ajali ya gari.

"Hapana," alijibu mama. "Ni wanangu."

Wiki zilizofuata Nyundo alichomelea fremu mpya ya kabati la duka, akaweka kioo kipya, akamlipia Miwani miwani nyingine. Kila akitoka shuleni Nyaya alikwenda dukani kufagia vigae vya balbu na kupanga rafu, kwa kuwa mwenye duka alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Kompyuta yake ilikuwa imefungwa kwa kamba karibu na mlango wa nyumba, inasubiri wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga, akijihukumu kuwa ameshindwa. Alipofunga fundo la mwisho alilia.

Jumamosi moja, kabla wanunuzi hawajapita, Miwani alibisha hodi akiwa ameshika ile ruta iliyobonyea.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumaliza mashindano. Jina langu lilichafuliwa, sasa nataka nishinde kihalali au nishindwe kihalali. Nyaya, fungua hiyo kamba."

Walijaribu ruta ya dukani kwanza. Mama alipokea picha za wateja, Nyundo akawasha mpira, Miwani akapakua faili kubwa kwenye kompyuta yake ndogo. Uani intaneti ilifika vizuri, lakini wote walipotumia kwa pamoja mpira ulianza kukwama. Kisha wakaiwasha ya Nyaya. Feni ikanguruma. Uani haikufika kabisa, na Nyundo akaguna. Lakini sebuleni hakuna kilichokwama. Mpira ulikwenda, picha zikaingia, faili likashuka, na Miwani akaongeza lingine kwa ukaidi, nalo likashuka.

Miwani alivua miwani yake mipya akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwa kazi ngumu ya humu ndani, hii imenishinda," alisema. "Ungengoja wiki yako tu, ungeshinda bila foili."

Nyaya alikuwa ameota maneno hayo likizo nzima. Sasa aliyasikia akiutazama ule mkono wenye bandeji, na machozi yakamtoka.

Mama alimvutia kwake. "Lia tu, mwanangu, lakini na unisikilize. Kazi yako ikipimwa, iache ipimwe. Ikishindwa utaifungua, utaona kosa, utarekebisha. Wewe uliogopa kushindwa ukadanganya, na mtu alikaribia kuuawa barabarani. Yeye ungemrekebisha kwa bisibisi gani? Siku ile nilipokaa hapa nimepoteza kazi, ukweli ungekugharimu aibu kidogo tu. Uliuchelewesha, wakaulipia wengine kwa damu."

Kisha akamgeukia Nyundo. "Na wewe usicheke. Uliombwa dakika moja. Mtu mzima, fundi, umeshindwa kusubiri dakika moja!"

Nyundo aligusa kovu juu ya jicho lake, akainamisha kichwa. "Nimekosa, mama."

Hatimaye hawakuchagua moja. Miwani na Nyaya walikaa sakafuni mpaka wakaziunganisha kwa waya mmoja: ya Nyaya ikafanya kazi ngumu, ile iliyobonyea ikarusha mawimbi hadi uani. Nyundo alichomelea rafu ya chuma, akazipandisha zote mbili ukutani, na kwa mara ya kwanza hakuzipiga teke.

Mama alileta kitambaa cha kufuma ili azifunike. Nyaya alimshika mkono.

"Usifunike, mama," alisema. "Tuziache zionekane."

Mama akakikunja kitambaa, akaenda nacho kwenye cherehani.