Hakuambiwa Ashuke

Jumamosi ile haikuwa na ajabu yoyote. Jeannette, jirani yetu wa hapa Kasongo, alitandaza mchele juani, akafukuza kuku, kisha akaitazama jeep ndogo iliyokuwa nyuma ya nyumba, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyesahau kuaga.

"Basi," akasema. "Kuanzia leo na wewe utafanya kazi."

Ilikuwa motoka fupi, ya aina ile ambayo magurudumu yote yanavuta, inayopanda mlima kwa kiburi na kuteremka kwa maombi. Kutu ilikuwa imeitafuna hadi milango ikatoboka kama chekecheke. Majani yalichomoza kwenye kapo, kile kifuniko cha injini. Kuku walitaga chini yake, wakalala chini yake. Lakini ndani hawakuingia, hata mvua iwapige vipi. Jeannette alikuwa ameliona jambo hilo zamani, akaamua kwamba kuku ni wajinga. Yeye alikuwa na mchele wa kuutoa mashambani Wamaza, na wenye pikipiki wakibebeshwa gunia hulalamika kana kwamba wamebebeshwa kanisa. Motoka yake mwenyewe ingemwondolea kelele hizo.

Alimwita Déo, fundi wa mtaa, shemeji yake wa mbali na mtu wa maneno mengi. Déo aliupiga mlango teke, akasikiliza unavyolia.

"Mama Grâce, hii haiko motoka. Hii iko marehemu."

"Basi ifufue. Si ndivyo unavyojisifu mjini kote?"

"Kufufua ni kazi ya Yesu, shemeji. Mimi niko fundi tu."

"Yesu hakuomba chai kabla ya kuanza. Anza."

Jeannette alicheka, lakini neno lile marehemu halikumtoka. Kwa maana jeep hiyo ndiyo iliyomleta mume wake.

Raphaël alichimba dhahabu Salamabila pamoja na rafiki yake Magloire. Jeep waliinunua wote wawili. Siku moja ya mvua Magloire alifika nayo peke yake, Raphaël akiwa nyuma, amezungushiwa blanketi. Shimo liliporomoka, alisema, alikufa palepale. Watu walilia, wakamshukuru kwa kumrudisha mwenzake kwao. Ni mama mzazi wa Raphaël tu, bibi Léocadie, aliyeuliza kile ambacho kwetu lazima kiulizwe.

Kwetu maiti hasafirishwi kama muhogo. Anayemleta huzungumza naye njiani. Kwenye kila mto humwita kwa jina na kumwambia, tunavuka. Na kwenye mlango wa nyumba yake humwambia: tumefika, shuka. Asipoambiwa, hashuki. Mtazika mwili, mtakula, mtatawanyika. Mwenyewe atabaki amekaa ndani ya kile kilichomleta, anangoja.

"Ulimwambia ashuke?" bibi aliuliza.

Magloire wakati ule ndio kwanza alikuwa ameingia katika kanisa la watu wa suti. Akatabasamu. "Maiti haina masikio, mama."

Bibi alitaka kuisogelea jeep alitamke neno hilo mwenyewe. Magloire akaanzisha wimbo. Mkewe Cécilia, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akaudaka, waumini wakaitikia, wakamzunguka bibi kizee kwa mapambio na kumwondoa pale kwa upole mwingi. Jeannette alikuwa ndani amelala sakafuni, hajui jua liko wapi. Kabla mwaka haujaisha bibi naye akafa. Na jeep haikuwaka tena. Magloire aliiacha pale uani, akaondoka na pikipiki, na haikuchukua muda akawa na nyumba ya nguzo, tumbo, na kiti cha mbele kanisani.

Kazi ikaanza. Déo alikwangua kutu, akaziba matundu kwa vipande vya bati, akaifungua injini na kuiosha. Akaweka resore mpya, zile springi za kubeba bodi. Kisha akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake, akakunja uso.

"Inainama kulia."

"Uwanja ndio umeinama," Jeannette alisema.

Waliisukuma, wakaigeuza. Sasa upande wa kulia ulikuwa kwenye mwinuko. Jeep ikainama kulia. Déo alibadilisha resore tena. Ikainama kulia.

"Kama mutu amekaa," Déo alisema, akacheka peke yake.

Jeannette alishona foronya za viti kwa kitenge kipya. Asubuhi yake, kiti cha dereva kilikuwa kama alivyokiacha. Kiti cha abiria, cha kulia, kilikuwa kimebonyea. Chini yake, pale panapowekwa miguu, palikuwa na tope. Tope jekundu, bichi. Uani kulikuwa na vumbi tupu. Mvua ilikuwa bado mbali. Akalifuta kwa kitambaa. Kesho yake lilikuwapo. Akalifuta. Lilikuwapo.

Udongo wa rangi ile aliujua. Aliufua miaka mingi kwenye nguo za mumewe.

Siku Déo alipoufikia mlango wa kulia, aliacha kuongea. Hilo peke yake lilimtoa Jeannette jikoni.

"Mama Grâce. Kuja uone."

Upande wa ndani, pale penye kitasa cha kufungulia, palikuwa na tundu tu.

"Kutu imekila," Jeannette alisema.

"Kutu haifungui skrubu." Alikuwa akinong'ona, Déo huyu ambaye hunadi hata chumvi aliyosahau kununua. Akafungua kiganja. Alikuwa ameokota kifurushi cha kitambaa chini ya kiti cha dereva. Ndani yake kulikuwa na kitasa, na skrubu zake, vimepakwa grisi, havina doa la kutu. "Mutu alikitoa kwa bisibisi. Polepole. Akakificha upande wake."

Kisha akamwonyesha mlango wenyewe. Alipoondoa uchafu, rangi ya zamani ilijitokeza, buluu. Juu ya ile buluu kulikuwa na mikwaruzo. Ilianza juu, karibu na kioo, ikateremka. Mistari ya vidole. Mingine ilifika hadi kwenye chuma.

Jeannette alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Alikumbuka kuosha maiti. Kucha za Raphaël zilikuwa zimevunjika, na ndani yake kulikuwa na buluu. Akina mama walisema ni mawe ya shimoni. Yeye alijisemea, mawe ya Salamabila lini yakawa ya buluu? Kisha kilio kikalibeba wazo hilo, likapotea.

Sasa lilirudi, na lilirudi zima. Raphaël hakufia shimoni. Alitolewa akiwa anapumua. Aliketishwa kwenye kiti hiki. Vioo vya jeep ile havikuwahi kuteremka. Mlango haukuwa na kitasa. Njia yote ile, zahanati moja baada ya nyingine zikipita dirishani, na dereva anatazama mbele. Nyuma, ndani ya blanketi, aliwekwa alipokwisha kufa. Kulikuwa na jiwe la dhahabu, watu walinong'ona baadaye, ambalo mmoja alitaka kulitafuna peke yake.

"Alikuwa anaomba ashushwe," Déo alisema.

"Kitasa hiki usikirudishe," Jeannette alimjibu. "Cha dereva kifunge vizuri. Kwa skrubu mpya."

Déo alipokwenda kula, jua likiwa utosini, Jeannette aliusogelea mlango wa kulia. Alijua neno. Lilikuwa fupi, lilikuwa halali yake, na ndilo lingempa mumewe pumziko. Akafungua kinywa.

"Raphaël. Tume..."

Ndani kitu kilikwaruza. Kwaru. Kama mtu anayesikia jina lake na kuogopa kuamini.

Jeannette aliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa la baridi, juani. Akalimeza lile neno, na lilimkwaruza likishuka.

"Vumilia kidogo, baba Grâce," alinong'ona. "Aliyekuleta bado hajaja."

Déo aliipaka buluu ileile. Ilipowaka, honi yake ilisikika hadi sokoni. Na Magloire ana masikio mazuri sana akitaka. Alikuja Jumapili baada ya ibada, mchana kweupe, tai shingoni, mashemasi nyuma yake.

"Dada Jeannette! Mungu akubariki kwa kunitunzia motoka."

"Nimekutunzia?"

"Wote hapa wanajua nani aliileta."

"Hilo ni kweli. Wewe ndiye uliyeileta." Aliendelea kupepeta mchele. "Na uliyemleta ndani yake?"

"Tulimzika, dada. Kwa nyimbo."

"Ulimwambia ashuke?"

Wanawake waliokuwa uani waliweka nyungo zao chini. Magloire aliwageukia mashemasi, akacheka cheko la mtu aliyesoma. "Mnasikia? Hadi leo! Maiti haina masikio, mama."

"Na kitasa cha ndani, cha mlango wa kulia, kilienda wapi?"

Tabasamu lilibaki mahali pake. Macho ndiyo yaliyotangulia kuondoka. "Kutu," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kitasa hakipo. Wala hakuchungulia.

Bado angeweza kugeuka. Lakini alikuwa amewaahidi watu wake kuingia Kabambare kwenye mkutano wa kanisa na motoka ya buluu, na mtu mkubwa ataelezaje kwamba ameogopa kiti cha kitenge? Akanyoosha mkono. Jeannette akampa ufunguo. Shemasi mmoja alifungua mlango wa kulia, akaingiza mguu, akautoa haraka.

"Kiti kimelowa," alisema. "Mimi nitakuja na pikipiki." Wenzake nao ghafla wakapenda pikipiki.

Magloire alipokwisha kukaa, Jeannette aliinama kwenye mlango wa dereva kabla haujafungwa.

"Muende salama," akasema.

Hapa kwetu, kumwambia mtu mmoja maneno ya wengi ni kumpa ukubwa wake. Magloire alitikisa kichwa, ameridhika. Alidhani ni heshima. Ilikuwa hesabu.

Yakubu, mwenye pikipiki, ndiye aliyekutana naye mbele, akitokea Lusangi. Alisimulia akiwa ameshika kikombe cha maji ambacho hakukinywa.

"Nilimupigia honi, nimusalimu. Hakunijibu. Alikuwa anapiga kioo kwa mikono yote mbili, mudomo wazi. Sauti haitoki. Nikapita." Akakitua kikombe. "Kisha nikajiuliza. Kama mikono yote iko kwenye kioo, usukani nani anashika?"

Walimkuta kwenye daraja la magogo. Jua kali. Injini inaunguruma, jeep imesimama katikati ya magogo, imenyooka kama iliyopangwa na fundi mwenye subira. Milango haikufunguka hata kwa nje; ilibidi wavunje kioo. Tai ilikuwa mahali pake. Damu hakuna, jeraha hakuna. Kucha zake zilikuwa zimevunjika, na ndani yake kulikuwa na buluu. Kwenye mlango wa dereva hapakuwa na kitasa cha ndani.

Kilikuwa mfukoni mwa koti lake, kimefungwa katika kitambaa, pamoja na skrubu. Déo alizitazama mara moja tu. Ni zile mpya.

Wakubwa wakasema ni moyo.

Jeep sasa haikuwa na mwenyewe. Mashemasi waliivuta hadi uani kwa Jeannette, wakafungua kamba, wakaondoka bila kuomba maji. Yeye alingoja hadi barabara ikawa kimya. Akavua viatu. Akasimama upande wa kulia.

"Raphaël. Baba Grâce. Tumefika. Shuka."

Mlango usio na kitasa ukafunguka kutoka ndani.

Resore zililia. Upande wa kulia uliinuka polepole, kama kitanda mtu mzito anapoamka. Hakuona mtu. Aliona nyayo, moja, nyingine, nyekundu, za miguu mitupu, zikivuka uwanja, zikiuzunguka mchele wake zisiukanyage, hadi kaburini kwake, ukingoni mwa uwanja. Hazikurudi.

Jeannette alilia, kilio kile alichokuwa anadaiwa tangu siku ya maziko. Alipofuta macho, jeep ilikuwa imenyooka. Imenyooka kabisa, kwa mara ya kwanza.

Kisha upande wa kushoto, wa dereva, ukabonyea.

Cécilia, mjane wa Magloire, alikuja matanga yalipokwisha, amejifunika kichwa ili watu wa kanisa wasimjue. Alisimama mbali na jeep.

"Mama Grâce, nimeota vibaya. Anasema amefungiwa." Akavuta kitambaa usoni. "Wewe ndiye mwenye uwanja. Nipe ruhusa nimupeleke hadi mulango wetu, nimuambie lile neno."

Jeannette alipepeta ungo mara kadhaa kabla ya kumtazama.

"Neno gani? Si mlisema ni la wapagani?"

"Nisamehe, mama."

"Siku ile bibi alipotaka kulisema, mliimba. Uliimba vizuri sana, Cécilia. Imba ule ule."

Jeannette hakuinua tena macho kutoka kwenye ungo. Cécilia alisubiri. Mwishowe, kwa kuwa hakupewa kingine, alisogea hadi mlango wa kushoto, akaimba. Sauti yake ilikuwa bado nzuri. Alimaliza beti zote, na mle ndani mtu alikwaruza tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Jeep iko palepale hadi leo. Mchele wa Wamaza unakuja kwa pikipiki, na malalamiko yake. Kuku wamehama, wanataga kwenye kuni. Kila kunapokucha, chini ya mlango wa kushoto kuna maganda ya rangi ya buluu, membamba, yamejikunja kama vipande vya kucha. Jeannette huyafagia kwanza. Kisha anatandaza mchele.