Waya wa Simu na Kitalu cha Mama Gloria

Kila kulipokucha, kabla hata ya kunywa chai, Yusta Kalinga alishika keni ya kumwagilia akaelekea nyuma ya nyumba yao pale Ilula. Huko ndiko kulikokuwa na kitalu cha nyanya cha mama yake: matuta matatu marefu yenye kivuli cha nyasi, miche imesimama kwa mistari. Baridi iliuma vidole na keni ilikuwa nzito, lakini Yusta aliimba tu. Wakati huo mama yake, Mama Gloria, alikuwa keshafika barabara kuu na ndoo yake ya nyanya, akiwawahi abiria wa mabasi ya asubuhi.

Miche ile haikuwa ya nyumba moja. Mama Gloria aliiotesha kwa ajili ya jumuiya yao yote, kwa sababu alikuwa na bomba la maji karibu na kila alichokiotesha kilikubali. Jumamosi ilikuwa siku ya mgowe, kazi ya kusaidiana. Majirani wangekusanyika asubuhi, wapande miche katika shamba la mmoja, wahamie la mwenzake, na mwisho wanywe togwa pamoja. Mama Gloria alikuwa amewaahidi wote kwamba miche itakuwepo. Ikikosekana, watu wangekuja na majembe yao wakarudi nayo begani, na mvua isingewasubiri.

Basi Jumatatu ikaja simu kutoka Mgololo. Gloria, dada yake Yusta, aliyeolewa na kijana wa kiwanda cha karatasi, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mama Gloria alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani. Kisha akakumbuka kitalu, uso ukabadilika.

"Baba yako yuko Mafinga na kazi zake za ujenzi. Wewe utalala kwa Mama Kasian hapo jirani," alisema. "Asubuhi utamwagilia mwenyewe. Lakini mchana jua likiwaka uko shule. Nitamwomba Mama Kasian awe anapita."

"Usimsumbue, mama. Mashine yangu itamwagilia. Si ndiyo ile tuliyoshinda nayo maonyesho?"

"Ile ya kwenye ndoo ya mchanga?" Mama Gloria akacheka.

"Ndiyo hiyohiyo. Kesho klabuni naibadilisha programu, inakuwa ya kitalu. Wewe nenda kampakate mjukuu wako!"

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa bodi ndogo ya umeme, upana wake kama kiberiti, iliyounganishwa na kijiti cha kupima unyevu wa udongo na pampu ndogo ya maji. Udongo ukikauka, bodi iliiwasha pampu. Ila kwenye maonyesho, Yusta alitaka hata watu wa nyuma wayaone maji, kwa hiyo aliiandikia bodi imwage kwa muda mrefu, tena kipimo chake alikiweka kwa mchanga. Kwa kipimo kile, udongo wa kitaluni, hata ukilowa, ungehesabiwa kuwa mkavu.

Jumanne mchana, klabu ya sayansi ilikutana kama kawaida. Mwalimu Tumpe, mwenyeji wa Mbeya, mcheshi lakini mkali wa kazi, alikuwa amewafundisha kutumia kompyuta kwa kuandika amri. Laptop ya klabu ilikuwa kuukuu, ukifungua programu ya vitufe na picha inaganda. Kwa hiyo walifungua ukurasa mweusi mtupu na kuandika amri mbili. Ya kwanza waliiita "jenga". Hiyo iliyachukua maneno waliyoandika na kuyageuza kuwa lugha ya bodi. Ya pili waliiita "pakia". Hiyo iliipeleka programu kwenye bodi kupitia waya.

"Na mkumbuke," Mwalimu Tumpe alizoea kusema, "bodi haina habari na mnachofikiria. Inafanya kile ilichopakiwa mara ya mwisho, basi."

Yusta aliandika programu yake mpya kwa furaha. Pampu imwage kidogo, ipumzike, kijiti kipime tena. Waya wa klabu ulikuwa kwa kundi la mwanafunzi mwenzake, Vitus, na Yusta hakutaka kusubiri, akatoa mfukoni waya aliokuja nao kutoka nyumbani, ule ambao mama yake alichajia simu kwenye sola. Akauchomeka. Taa ya kijani ya bodi ikawaka.

Akaandika amri ya kujenga. Kompyuta ikanguruma, ikamaliza bila kosa hata moja. "Safi!" Akaandika amri ya kupakia. Yakatoka maandishi mekundu, mistari kadhaa ya Kiingereza. Akarudia. Mekundu tena.

Vitus, ambaye hakuna utani uliompita, aligeuka. "Vipi bingwa, imekugomea?"

Yusta alihisi masikio yakipata moto. Bingwa wa maonyesho agomewe na bodi yake mwenyewe mbele ya Vitus? Akaitazama taa ya kijani. Si inawaka? Kama inawaka, basi kuna kitu kimeingia. Akaifunga laptop kabla hajausoma mstari hata mmoja.

"Inigomee mimi? Imekubali," alisema.

Jioni mama yake alimkuta akiitumbukiza pampu kwenye pipa la kitaluni. Pipa lile lilijazwa na bomba lenyewe kila maji yalipopungua.

"Umeijaribu lakini?"

"Nimeijaribu, mama," Yusta alijibu, macho kwenye mpira wa maji.

Jumatano alfajiri Mama Gloria akapanda basi. Yusta akaichomeka bodi kwenye betri ya sola, akamwona Mama Kasian akija na keni yake mkononi.

"Kamwene, mwanangu. Mama yako hakuniambia kitu, lakini mchana naweza nikapita nikatupia maji."

"Asante mama, hakuna haja. Mashine inajua kazi yake. Naomba tu mtu yeyote asiiguse."

"Haya," alisema Mama Kasian. "Sisi wa keni tukapumzike."

Yusta alikwenda shule akitabasamu njia nzima.

Aliporudi, alisikia maji kabla hajayaona. Yalikuwa yanatiririka kutoka nyuma ya nyumba mpaka njiani. Alitupa begi, akakimbia. Tuta la kwanza lilikuwa limebomoka lote, miche imelala kwenye tope, mizizi juu. La pili na la tatu yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Na pampu, bila aibu, ilikuwa bado inamwaga.

"Mungu wangu!" Aliichomoa bodi. Akakaa kwenye tope akalia.

Mama Kasian alikuja mbio. Alikuwa ameyaona maji tangu mchana.

"Kwa nini hukuizima, mama?" Yusta aliuliza kwa kwikwi.

"Si ulisema mtu asiiguse? Nikajua ndivyo mashine zinavyomwagilia." Mama Kasian alilitazama tuta lililobomoka akatikisa kichwa. "Haya, inuka. Machozi nayo ni maji, na hapa yametosha. Tusipoyaondoa haya, ugonjwa wa kinyausi utaingia, miche yote iliyobaki itaoza shingo. Lete jembe!"

Walichimba mifereji, wakayaacha maji yakimbilie kwenye migomba. Waliiondoa miche iliyolala, wakafunua kivuli ili upepo upite. "Na usimwagilie tena mpaka udongo ushikane vizuri," alisema Mama Kasian. Matuta mawili yalisimama. La kwanza halikuwa na kitu tena.

Kesho yake asubuhi, Vitus alizisikia habari akasahau utani wote. "Sema bodi ni mbovu," alimnong'oneza. "Nani atajua? Hivi vitu vinaharibika kila siku."

Yusta alifikiri. Ilikuwa rahisi kweli, na hakuna ambaye angembishia. Lakini alikumbuka macho ya Mama Kasian akiulizwa kwa nini hakuizima, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Akatikisa kichwa, akaenda ofisi ya walimu na bodi yake na waya wake.

"Shikamoo, Mwalimu. Mashine imefurisha kitalu cha mama. Nilisema imekubali, na haikukubali. Yalitoka maandishi mekundu nikafunga."

Mwalimu Tumpe alimgeukia. "Marahaba. Yalisema nini?"

"Sikuyasoma."

"Ala! Kompyuta inakuita kwa jina, unaifungia mlango?" Akaisogeza laptop. "Fanya kama ulivyofanya juzi. Safari hii unanisomea kwa sauti."

Yusta alichomeka waya, akajenga, akapakia. Maandishi mekundu yakatoka. Akasoma polepole. Yalisema kwamba kompyuta haikuona kifaa chochote kilichounganishwa.

"Lakini taa inawaka, Mwalimu!"

"Taa inataka umeme tu. Waya huu umeutoa wapi?"

"Wa simu ya mama, wa kuchajia."

"Nyaya nyingine za kuchajia hupitisha umeme peke yake, habari hazipiti. Programu yako mpya iliishia humu kwenye laptop. Bodi ilikwenda kitaluni na ile ya maonyesho." Akafungua droo akampa waya wa klabu. "Badilisha."

Yusta akabadilisha, akaandika tena amri ya kupakia. Safari hii asilimia zilipanda, zikapanda, mpaka mia, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba kazi imekamilika. Alitaka kurukaruka.

"Bado," alisema Mwalimu Tumpe. "Leta makopo mawili ya udongo wa kwenu."

Mchana Yusta alirudi na makopo, pampu na kijiti. Kwenye kopo la udongo mkavu, pampu ilimwaga kidogo ikanyamaza. Kwenye kopo la udongo uliolowa, haikumwaga hata tone. Yusta alirudia mpaka Vitus, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akasema, "Bingwa, sasa hata mimi nimeamini."

Mama Gloria alirudi Ijumaa mchana, kanga mpya begani, na uso unaong'aa kwa habari za mjukuu. Yusta hakumwacha hata akae.

"Mama, tuta la kwanza limekufa. Kosa ni langu. Nilikudanganya kwamba nimeijaribu mashine."

Mama Gloria alikwenda kitaluni akasimama. Alilitazama tuta lililobomoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akageuka.

"Nimekasirika, Yusta. Nimekasirika sana. Watu wanakuja kesho. Mimi ndiye niliyewaahidi, wewe ndiye utakayewaambia."

Jumamosi majirani walifika na majembe, na Yusta akasimama mbele yao. "Tuta moja la miche limekufa," alisema. "Nilisema mashine iko tayari kabla sijaijaribu, na Mama Kasian nikamkataza kumwagilia. Naomba mnisamehe."

Mzee Timotheo, mwenye shamba la mwisho bondeni, aliguna. "Kwa hiyo nani atakosa?"

"Sisi," alijibu Mama Gloria kabla mtu hajasema zaidi. "Tuta lililokufa ni letu. Twendeni tukapande."

Siku ile Yusta alipanda miche katika mashamba ya watu wote mpaka kiuno kikamuuma. Kila walipohama, walipita kando ya shamba la akina Yusta, limelimwa vizuri, tupu kabisa. Hapo ndipo uongo wake alipouona kwa macho, ukubwa wake kama shamba zima.

Jioni, togwa ilipokuwa imekwisha na watu wameondoka, mama yake alimwita wakae kizingitini.

"Kuna mwaka nilipanga nyanya zangu kwenye tenga, zikapendeza. Utingo akaniambia, 'Mama nenda, tumeshapakia.' Nikaenda zangu. Kesho yake nikalikuta tenga palepale kando ya barabara, limepigwa jua, nyanya zimekuwa uji. Tangu siku hiyo siondoki mpaka nione tenga langu liko juu ya lori."

"Mimi ndiye yule utingo," Yusta alisema kwa sauti ndogo.

"Afadhali hata yeye, hakuwa mwanangu. Sikiliza. Kushindwa na waya si kosa kubwa, mwalimu wako amekuonyesha na umeelewa. Lakini uliponiambia umeijaribu, ulininyima nafasi ya kumwomba Mama Kasian. Ungesema, 'Mama, imenigomea,' leo tungekuwa na shamba. Mtu akisema ameshindwa, wenzake wanajua pa kumshika mkono. Akidanganya, wote wanaanguka naye. Kazi haijaisha mpaka uione inafanyika, na ukiwa hujaiona, sema hujaiona."

"Nimesikia, mama."

Wakaotesha upya lile tuta la kwanza, safari hii mashine ikiwa kazini tangu mbegu. Ilimwaga kidogo, ikapumzika, ikapima, na miche ikaja minene, imejaa. Mzee Timotheo mwenyewe alikuja kuichungulia, akauliza kama na yeye anaweza kutengenezewa.

Wiki ya ubatizo wa mtoto wa Gloria ilipofika, Mama Gloria alikuwa mlangoni na begi lake. "Yusta! Mashine iko sawa?"

Zamani angejibu hapohapo. Sasa alikwenda na makopo yake mawili nyuma ya nyumba, akakawia huko, na basi lilikuwa karibu kupita. Mama yake hakumharakisha.

Alirudi akijifuta mikono. Hakwenda kwa mama yake kwanza, alipita kwa Mama Kasian, akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye betri.

"Iko sawa, nimeiona kwa macho yangu," alisema. "Lakini ukiona maji yanazidi, mama, swichi ni hii hapa nyekundu. Iguse."